Sura ya Sita: Karama Hubaki Hata Upendo Ukiondoka

Samsoni alilala kwa kahaba mjini Gaza, na usiku wa manane akaamka akang'oa malango ya mji. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 16, kinasimulia jambo hili bila kupepesa macho: alishika milango pamoja na miimo yake miwili na komeo lake, akajitwika, akapanda navyo mpaka kilima kinachoelekea Hebroni. Tunapowasimulia watoto wa shule ya Jumapili tunaanzia kwenye malango. Kitanda alichotoka tunakiruka.

Lakini kitanda na malango vimo katika aya tatu zilezile, na mwandishi hakuona haja ya kuvitenganisha. Nguvu ambazo Mungu alimpa Samsoni zilifanya kazi usiku ule kama zilivyofanya siku alipomrarua mwanasimba. Hazikupungua, wala hazikumsuta. Mwilini hakupata dalili yoyote kwamba kuna kitu kimeharibika. Ndiyo maana, Delila alipokwisha kumnyoa, aliamka akidhani atajikung'uta na kutoka kama siku zote, kumbe Bwana amekwisha kumwacha. Delila alijua. Wafilisti waliokuwa wakivizia chumbani walijua. Mwenye nguvu ndiye aliyekuwa wa mwisho kupata habari.

Nimeanza na Samsoni kwa sababu kanisani kwetu tuna mazoea ya kusoma moyo wa mtu kupitia karama yake. Mtu akiomba na mgonjwa akainuka, tunasema ana upako, na tukishasema hivyo faili limefungwa. Nimekaa katika vikao vya wazee wa kanisa ambapo tuhuma nzito juu ya mtumishi, za fedha au za wanawake, zilijibiwa kwa hoja moja: angekuwa mwovu, Mungu angemtumiaje? Hoja inapendeza masikioni, na wengi huitoa kwa nia njema. Ila Biblia haiiungi mkono hata kidogo. Mwishoni mwa Mahubiri ya Mlimani, katika Mathayo 7, Yesu anaeleza kwamba siku ile watakuja wengi na orodha ya kazi walizofanya kwa jina lake: unabii, kutoa pepo, miujiza. Orodha yenyewe haikanushi. Hasemi kwamba pepo hawakutoka wala kwamba miujiza ilikuwa kiini macho. Anasema hakuwahi kuwajua.

Inakuwaje basi Mungu aache karama yake iendelee kutenda kazi mikononi mwa mtu asiyemjua? Fikiria kifurushi kinachotumwa kwa basi. Mama wa Mbeya akimkabidhi kondakta ndoo ya maparachichi ampelekee mwanawe aliye chuoni Dar es Salaam, hampi kwa sababu amepima uadilifu wake. Anampa kwa sababu basi linakwenda huko na mwanawe ana njaa. Maparachichi yakifika salama yatatuambia mengi juu ya mama. Juu ya kondakta hayatatuambia chochote, zaidi ya kwamba safari hii hakuyala. Paulo anaposema katika 1 Wakorintho 12 kwamba kila mmoja hupewa ufunuo wa Roho kwa kufaidiana, anataja mlengwa wa mzigo, na mlengwa si mbebaji. Mungu humponya mgonjwa kwa sababu anampenda mgonjwa. Aliyeweka mikono alikuwa njiani tu.

Hapa wengine huogopa. Wanauliza, kama karama haithibitishi kitu, kuna faida gani kuitafuta? Faida ipo, na Paulo mwenyewe alitaka watu wazitamani karama. Kinachohitajika ni kuacha kuziuliza swali ambalo hazikuumbwa kulijibu. Ukitaka kujua kama mtu anampenda Mungu, itakubidi uangalie kwingine, na hakuna mahali pazuri pa kujifunzia hilo kuliko Korintho.

Korintho ya siku za Paulo ulikuwa mji wa watu waliotoka chini wakapanda haraka. Warumi waliubomoa mwaka 146 KK, ukakaa gofu kwa karne moja hivi, kisha mwaka 44 KK Julius Kaisari akaufufua kama koloni na kuujaza walowezi, wengi wao watumwa walioachwa huru. Ulikuwa na bandari mbili, Lekea upande wa magharibi na Kenkrea upande wa mashariki, na mizigo ya nusu ya Mediterania ilipita hapo. Mtu aliyekuwa jana mtumwa angeweza leo kuwa na meli, na kesho kuandikisha jina lake kwenye jiwe la sakafu ya uwanja ili wapita njia wajue nani alilipia. Ni mji uliopenda kuonekana. Paulo aliingia humo yapata mwaka 50, akakaa mwaka mmoja na nusu, akishona mahema pamoja na Akila na Priskila. Tarehe hiyo tunaikadiria kwa uhakika usio wa kawaida, kwa kuwa kitabu cha Matendo kinamtaja liwali Galio, na maandishi ya mawe yaliyopatikana Delfi yanaonyesha kwamba Galio alikuwa madarakani karibu na mwaka 51 na 52.

Kanisa lililozaliwa hapo lilirithi tabia za mji. Paulo anafungua barua yake kwa kumshukuru Mungu kwamba hawakupungukiwa na karama yoyote, na sidhani kama anatania. Wana unabii, wana lugha, wana maarifa, wana uponyaji. Halafu unageuza ukurasa. Wamegawanyika makundi kwa majina ya walimu. Mmoja wao anaishi na mke wa baba yake na kanisa linajivuna. Wanashtakiana mahakamani. Na kwenye Meza ya Bwana wengine wanatangulia kula chakula chao mpaka wanalewa, wakati maskini, ambao inaelekea walichelewa kwa kuwa siku yao haikuwa mikononi mwao, wanakuta sahani tupu. Yote haya katika kusanyiko moja, Jumapili moja, na bila shaka muda mfupi kabla au baada ya mtu kunena kwa lugha.

Ukishaipata picha hiyo, sura ya 13 inabadilika. Tumeifanya ya harusini. Inasomwa bibi harusi akiwa ameketi, watu wanapangusa machozi, na hakuna anayekumbuka kwamba iliandikwa kwa watu waliokuwa wakigombania maikrofoni. Imewekwa kati ya sura ya 12 na ya 14, ambazo zote mbili zinahusu karama, na kila jambo linalosemwa humo juu ya upendo lina mtu linayemlenga Korintho. Kule kutokujivuna, kutokutafuta mambo yake mwenyewe, kutokuhesabu mabaya: ni orodha ya walivyokuwa, imepinduliwa.

Sura ya 14 ndiyo ninayoipenda zaidi, ingawa wahubiri huipita mbio. Humo Paulo anashuka kwenye mambo ya utaratibu. Wanenao kwa lugha wasizidi watatu, kwa zamu, na asipokuwepo wa kufasiri mtu anyamaze, aseme na Mungu kimyakimya. Manabii nao wasizidi watatu, na wengine wapime. Nabii akiwa anasema na mwenzake aliyeketi akapata ufunuo, aliyesimama anyamaze. Angalia hiyo ya mwisho. Mtu yuko katikati ya ujumbe anaoamini umetoka kwa Mungu, na anatakiwa akae chini kwa sababu mwenzake naye ana neno. Hapo ndipo upendo unapopimika. Anayeshindwa kukaa amekwisha kutuambia neno lilikuwa la nani. Paulo anaongeza kwamba roho za manabii huwatii manabii, maana yake ile kauli ya "sikuweza kujizuia" haikubaliki. Na yeye ambaye alinena kwa lugha kuliko wote anasema kanisani angechagua maneno matano yanayoeleweka badala ya maelfu yasiyoeleweka. Kipimo chake katika sura nzima ni kimoja: je, huyu jirani yangu aliyekaa kwenye benchi, na yule mgeni aliyeingia kwa mara ya kwanza, wanajengwa?

Ningependa kusema Wakorintho walisikia wakabadilika. Mwishoni mwa karne ya 1, miaka 40 hivi baada ya Paulo, kanisa la Roma lililazimika kuwaandikia barua ndefu, ile tunayoiita ya Klementi, kwa sababu walikuwa wamewaondoa wazee wao kazini bila kosa. Barua inawakumbusha waichukue tena barua ya Paulo waisome. Hata hivyo kuna jambo linalowapa heshima: yapata mwaka 170 askofu wao Dionisio aliandika kwamba barua hiyo ya Klementi, ambayo ni karipio tangu mwanzo hadi mwisho, ilikuwa bado inasomwa kwa sauti katika ibada yao. Sijui makanisa mangapi yetu yangeweka karipio lake kwenye ratiba ya Jumapili kwa vizazi viwili vitatu.

Makanisa ya kale hayakuona aibu kupima karama. Kuna kitabu kidogo kiitwacho Didake, yaani Mafundisho ya Mitume, kilichopotea kwa karne nyingi mpaka nakala yake ilipopatikana Konstantinopoli mwaka 1873. Wasomi wengi wanakiweka karibu na mwisho wa karne ya 1. Kina sheria za kuwapokea mitume na manabii wanaosafiri, na mtu aliyeziandika alikuwa amekwisha kuumwa na nyoka. Mtume akija apokelewe kama Bwana mwenyewe, lakini akae siku moja, ya pili ikibidi. Akikaa ya tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha atakakolala, asipewe zaidi. Akiomba fedha ni wa uongo. Nabii akiamuru katika Roho meza iandaliwe, kisha akaila yeye, ni wa uongo. Akisema katika Roho apewe fedha, asisikilizwe. Lakini akiomba kwa ajili ya wengine wenye shida, asihukumiwe. Kwa ujumla, kinasema, nabii wa kweli na wa uongo watajulikana kwa mwenendo, na mwenendo wenyewe uwe ule wa Bwana.

Hakuna hata swali moja humo juu ya ukubwa wa miujiza. Maswali yote ni ya usiku ngapi, chakula cha nani na fedha za nani.

Baada ya Shakahola, hatuwezi tena kusema kwamba kupima ni kukosa imani. Mwaka 2023, katika msitu huo wa kaunti ya Kilifi nchini Kenya, kulifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofuata mafundisho ya kufunga mpaka kufa, watoto wakiwa wengi kati yao. Wakristo walio macho walijiuliza walikuwa wapi. Swali hilo lina uzito kwa kila mshirika wa kawaida, kwa kuwa agizo la kupima katika 1 Wakorintho 14 hakupewa askofu peke yake. Walipewa wale wengine walioketi.

Nasi tuna historia yetu ya kupimana. Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukavuka kwenda Uganda, Kenya na upande wetu wa Bukoba, haukujulikana hasa kwa miujiza. Ulijulikana kwa mikutano midogo ya ndugu waliokaa pamoja, mmishonari na mpishi wake, kasisi na mkulima, kila mmoja akiungama wazi alichofanya wiki hiyo, wakakiita kutembea nuruni. Ulikuwa na ukali wake, na mahali pengine ukali huo ukawa mzigo mwingine wa sheria. Lakini ulikuwa na kitu tulichokipoteza: mhubiri aliyeshuka madhabahuni alikuwa na mahali pa kuulizwa kama amemlipa kibarua wake. Leo tunaye mtumishi mwenye walinzi, na wa kumuuliza hayupo.

Mpaka hapa nimesema juu ya walio na karama zinazoonekana. Wasomaji wengi wa sura hii, nadhani, wana tatizo la upande wa pili. Hawajivuni, wamekaa na walichopewa mikononi mwao wakisema ni kidogo mno. Hao Yesu amewaandalia mfano wa talanta, na mfano huo unaeleweka vibaya mpaka ufanye hesabu. Talanta moja ilikuwa na thamani ya dinari 6,000 hivi, na dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Kibarua anayefanya kazi siku 300 kwa mwaka angehitaji miaka 20 kuipata talanta moja. Kwa hiyo yule wa tatu, tunayemhurumia kwa kupewa moja, alikabidhiwa mshahara wa miaka 20 kwa mkupuo. Katika mfano huo hakuna aliyepewa kidogo.

Na kwa nini aliifukia? Hakuwa mvivu kwa asili. Kuchimba shimo ni kazi. Alieleza mwenyewe: alimjua bwana wake kuwa mtu mgumu, avunaye asipopanda, akaogopa. Hapo ndipo karama na upendo vinakutana, na kwa maoni yangu ndipo penye fundo la jambo zima. Wale wawili wa kwanza walitoka mara moja wakafanya biashara, na biashara ina hatari ya hasara. Mtu hathubutu kuhatarisha mali ya bwana anayemdhani mkatili. Aliyefukia talanta alikuwa na theolojia mbovu kabla ya kuwa na matumizi mabovu. Hakumpenda bwana wake, na kwa kuwa hakumpenda, njia salama ilikuwa kumrudishia chake kama kilivyo, wasidaiane. Nimewajua Wakristo wa namna hiyo, waaminifu kwa kuhudhuria, wasiokosa zaka, ambao maisha yao yote na Mungu ni ya kuhakikisha hawadaiwi.

Kumpenda Mungu kwa moyo wote ni kitu kingine. Marko 12 inasimulia juu ya mwandishi aliyemuuliza Yesu amri iliyo kuu, akajibiwa kwa yale ambayo kila Myahudi aliyakiri asubuhi na jioni kutoka Kumbukumbu la Torati 6: kumpenda Bwana kwa moyo wote, roho yote, akili zote na nguvu zote, na Yesu akaunganisha nayo amri ya kumpenda jirani. Mwandishi akakubali, akaongeza kwamba hilo linazidi sadaka zote za kuteketezwa. Yesu akamwambia hayuko mbali na ufalme. Hayuko mbali, bado hajaingia. Aya chache mbele, katika sura hiyohiyo, Yesu ameketi kulielekea sanduku la sadaka, na anapita mjane mwenye sarafu mbili ndogo za shaba, zisizotosha hata kununua mlo. Angeweza kubaki na moja. Hakuwa na karama yoyote tunayoijua, na hatukuambiwa jina lake. Neno "zote" ambalo mwandishi alilijibu vizuri kwa mdomo, mjane alilitia sandukuni.

Ningekomea hapo ingekuwa rahisi mno, kwa sababu tungebaki na wazo kwamba kumpenda Mungu ni kutoa pesa, na wapo wanaofaidika na wazo hilo. Katika aya zinazotangulia habari ya mjane Yesu amewakemea waandishi wanaokula nyumba za wajane. Anayetumia habari ya mjane kuwakamua wajane hajasoma aya iliyo juu yake.

Na "akili zote" je? Hii ndiyo sehemu ya amri inayovunjwa madhabahuni kuliko zote. Yesu aliwaahidi wanafunzi watakaoburutwa mbele ya maliwali kwamba watapewa la kusema saa hiyohiyo. Tumeichukua ahadi ya watu walio kizimbani tukaifanya ruhusa ya kutojiandaa kwa ibada ya Jumapili. Mhubiri anasimama bila kusoma, anapiga kelele saa nzima, na uvivu wake unaitwa Roho. Mwenye karama ya kufundisha anayempenda Mungu atakaa na kitabu mpaka taa ya jirani izimwe. Mwimbaji atafika kwenye mazoezi ya kwaya ya Jumatano, mvua inanyesha, kwa sababu sauti yake ya tatu ikikosekana wimbo unayumba. Mtunza hazina ataandika stakabadhi ya shilingi mia tano.

Kuna hatari moja ambayo huwapata hasa wale wanaofanya vizuri. Kazi ya Mungu yenyewe inaweza kumla mtu mpaka asibaki na Mungu. Marko 1 ina siku moja ya Kapernaumu iliyoelezwa karibu saa kwa saa. Jua lilipokwisha kuchwa mji wote ulikusanyika mlangoni. Yesu akaponya wengi. Alfajiri na mapema, giza bado, akaondoka akaenda mahali pasipo watu, akaomba. Simoni na wenzake wakamfuatilia, wakampata, wakamwambia watu wote wanamtafuta. Ungetarajia arudi, kwa maana foleni ilikuwepo na uwezo ulikuwepo. Akawaambia waende vijiji vingine. Kwa mtumishi yeyote wa leo hiyo ingekuwa asubuhi ya kuongeza viti na kukodi turubai. Yesu hakuongozwa na mahitaji ya watu peke yake, ingawa aliwahurumia, wala hakuongozwa na kufanikiwa kwa karama. Aliongozwa na alichokisikia gizani kabla ya foleni kuamka. Mwenye karama ya uponyaji, ushauri au kuhubiri asiye na saa hiyo ya giza atakuwa mtumwa wa simu yake katika muda mfupi, na ataudhani utumwa huo kuwa ndio upako.

Katika ukanda wetu sijui mfano mzuri wa haya kuliko Apolo Kivebulaya, Mganda aliyezaliwa karibu mwaka 1864. Alibatizwa mwaka 1895, na mwaka uliofuata alikuwa amekwisha kufika Mboga, ukingoni mwa msitu wa Ituri, katika nchi ambayo sasa ni Kongo. Chifu Tabaro hakumtaka. Alipigwa, akafungwa, akatolewa, akarudi, na hatimaye Tabaro mwenyewe akabatizwa. Ukisoma habari zake hukutani na mikutano ya hadhara. Unakutana na mtu anayefundisha herufi, anayelima, anayejenga kibanda cha sala na kusonga mbele kwa miguu. Baadaye alipewa heshima ya kuwa kanoni wa Namirembe, na angeweza kuzeekea Kampala. Alirudi msituni, kwa Wambuti, watu ambao majirani zao waliwadharau, na akasimamia kuwekwa Injili ya Marko katika lugha yao. Alifariki Mboga mwaka 1933, baada ya kuagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, uliko msitu, kinyume na desturi ya kwao. Kanisa la Anglikana la Kongo linahesabu mwanzo wake kwake.

Alikuwa na karama gani hasa? Ukichukua orodha ya 1 Wakorintho 12:28, ile yenye mitume, manabii, miujiza na kuponya, utakuta katikati yake vitu viwili ambavyo hakuna anayevifungia siku tatu ili avipate: masaidiano na maongozi. Paulo amevitia katika orodha ileile. Sehemu kubwa ya maisha ya Apolo ilikuwa masaidiano, na alidumu nayo miaka karibu 40.

Kuna karama nyingine ambayo orodha za Paulo hazikuigusa, ingawa Musa aliitaja mapema zaidi. Mtu wa kwanza katika Biblia anayetajwa kwa jina kwamba Mungu amemjaza roho ni Bezaleli, katika Kutoka 31, na alijazwa ili achonge mbao, afue dhahabu na kukata vito. Alikuwa fundi. Alipewa mwenzake, Oholiabu, na mafundi wengine wenye ustadi, na mali ya taifa zima ikaanza kumiminika karakanani: dhahabu, fedha, shaba, nyuzi za rangi, ngozi. Watu walileta kila asubuhi. Mali ilipokuwa ikipokelewa hatajwi mkaguzi. Aliyejua kiasi kinachohitajika ni fundi peke yake, na kama angenyamaza, mali ingeendelea kuja.

Kutoka 36 inasema mafundi wote waliacha kazi zao, wakaenda kwa Musa, wakamwambia kwamba watu wanaleta kupita mahitaji. Musa akaamuru itangazwe kambini kwamba mwanamume wala mwanamke asilete tena, na watu wakazuiwa. Katika ibada zote nilizohudhuria sijasikia tangazo la namna hiyo likisomwa baada ya sadaka. Sura ya 37 inaanza na Bezaleli akitengeneza sanduku la mti wa mshita, urefu wake dhiraa mbili na nusu.